Chakula cha Jirani Mikononi mwa Mtoto

Wako wasemao ya kwamba watoto wadogo wafundishwe desturi za wenyeji kwa kupika. Shauri hili ni jema, maana mtoto husahau upesi neno aliloambiwa, bali kazi aliyoifanya kwa mikono yake haimtoki. Lakini nauliza: tukipika hapa Mang'ola, tutapika chakula cha nani?

Kando ya Ziwa Eyasi wakaa Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw na Waisanzu, watu wa lugha nne zisizo za ukoo mmoja. Wairaqw wana ugali wao, Wadatoga maziwa yao, na si haba wachekao chungu cha jirani. Dharau huanza mapema, mtoto asemapo, "Wale hula mizizi."

Basi mtoto wa mkulima na apewe jiwe, auponde ubuyu mpaka unga wake mweupe utengane na mbegu, autie maji na asali kidogo, anywe. Apewe tena mzizi wa porini uliochomwa motoni, atafune, ameze utamu wake, kisha ateme makapi; naye atajua ya kwamba ulaji huu nao una adabu yake. Mwalimu wake awe mama wa Kihadzabe, aketishwe mahali pa heshima na kuamkiwa shikamoo. Watoto wa mama huyo hawana haja na somo hili: tangu miaka 5 huchuma matunda na kuponda ubuyu, wakijipatia sehemu ya chakula chao pasipo kuamriwa. Hapo yatupasa tuone haya kidogo, sisi tudhanio ya kwamba asiyejua kusoma hajui kitu.

Mwaka 1965 serikali iliwakusanya Wahadzabe wengi Yaeda Chini, wapate kulima, na watoto wao wasome. Wengi walirudi porini. Lakini pori nalo limepungua, maana hapa Mang'ola mashamba ya vitunguu, yanyweshwayo kwa maji ya chemchemi, yameenea sana. Vitunguu vimewapa wengi ada za shule na mabati ya nyumba. Sivitukani, nami navila. Ila ni neno gumu kumfundisha mtoto asubuhi kuchoma mzizi wa porini, na jioni baba yake afyeke mahali umeapo. Mtoto ataona, tena atauliza. Swali lake halitajibiwa jikoni. Litajibiwa na wazee waketipo kugawa ardhi. Je, mama yule tuliyemwamkia shikamoo atakuwako katika baraza hilo?