Nenda Jioni Hii, Hata Ukipita Geti Mara Tatu

Hukujifunza kunywa peke yako. Palikuwa na benchi, palikuwa na kibuyu au chupa iliyopita mkono kwa mkono, na palikuwa na mtu aliyekuita kwa jina la utani. Iwe mbege ya Moshi, busaa ya Kakamega au bia za mwisho wa mwezi, pombe ilikupokea ikiwa na watu wake. Leo unataka kuiacha, na unajifungia chumbani kupambana nayo, umeapa kwa mara ya ishirini. Ndugu yangu, kwa nini uanguke na watu, kisha utake kuinuka peke yako?

Mwezi Mei 1935, dalali wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikwama hotelini mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imekufa. Alikuwa na miezi mitano tu bila pombe. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na baa na vicheko vyake. Upande wa pili palikuwa na simu. Akaiendea simu. Akatazama orodha ya makanisa ya mji, akaanza kupiga, akiomba jambo moja: akutanishwe na mlevi mwingine. Hakuomba tabibu wala mhubiri. Alijua kwamba akizungumza na mtu anayeungua kwa moto uleule, siku hiyo hatakunywa.

Akakutanishwa na Robert Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa analiwa na pombe. Daktari alikubali kwa shingo upande, dakika 15 tu. Walikaa zaidi ya saa sita. Na hapa sikiliza vizuri, wewe unayesema umeshashindwa: wiki chache baadaye daktari huyo aliteleza, akalewa safarini, akarudishwa nyumbani hoi. Akaanza upya. Inasimuliwa kwamba tarehe 10 Juni 1935 alikunywa kwa mara ya mwisho, na hakugusa tena hadi alipofariki mwaka 1950. Tarehe hiyo ndiyo Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, hujihesabia kuzaliwa.

Leo vikao vya AA vipo Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na miji mingi duniani. Usitarajie makubwa: viti vya plastiki, chai, watu ambao ungepishana nao stendi bila kuwatambua. Jina moja linatosha. Hakuna kiingilio wala ada. Kapu likipita, mwenye nacho anatia. Sharti la kuingia ni moja, kutaka kuacha. Huulizwi kama una uhakika. Kaa kimya ukipenda. Mmoja atasimulia chupa aliyoificha ndani ya tangi la maji, mwingine karo ya mtoto iliyoishia kaunta, nawe utashangaa nani amewapa habari zako.

Unaogopa kuonekana ukiingia? Mtaa ulishakuona ukishushwa kwenye bodaboda. Mama unayekunywa kwenye kikombe cha chai, mlango umerudishwa, najua hofu yako ni nzito zaidi, kwa sababu ulimi wa watu humkata mwanamke mara mbili. Ndiyo maana kinachosemwa kikaoni hubaki kikaoni. Nawe Mwislamu unayesita kwa kuwa ukumbi ni wa kanisa: ukumbi umeazimwa tu. Mungu hutajwa, na kila mtu humwomba kwa imani yake.

Wala haya si maneno ya kupeana moyo tu. Mwaka 2020, wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, wakaona kwamba katika kumfanya mtu abaki bila pombe, njia ya AA ilifanya vizuri sawa na tiba nyingine zilizozoeleka, na mara nyingi ilizishinda.

Ila kama unakunywa sana kila siku, na ukikosa unatetemeka, unatoka jasho au unaona visivyokuwepo, anzia hospitali. Kuacha ghafla katika hali hiyo kunaweza kuua. Mwambie daktari ukweli wote wa kiasi unachokunywa.

Kikundi utakipataje? Kenya, piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Tanzania, uliza kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa. Vipo pia vikao vya mtandaoni. Na kama mji wako hauna, kumbuka kwamba Akron haikuwa nacho pia. Watu wawili au watatu waliodhamiria kuacha ni kikundi kamili.

Kikao cha kwanza kisipokugusa, jaribu kingine kabla ya kukata tamaa. Usiondoke bila namba ya simu ya mtu aliyekutangulia. Ile saa kumi na moja jioni, miguu inapoanza kuikumbuka njia yenyewe, mpigie. Mpigie kabla ya glasi.

Tuseme kikao cha leo kinaanza saa kumi na mbili na nusu. Oga, vaa shati safi, toka. Ukipita geti ukashindwa kuingia, zunguka urudi. Ukishindwa tena, zunguka tena. Humo ndani yupo mtu anayepanga viti, na ameongeza kimoja juu ya idadi ya waliokuja wiki iliyopita.