Ada ya Kutazama

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kulitaja jambo ambalo mtu hulitenda kila siku pasi na kujiuliza. Yapo mazoea, ipo desturi, ipo ada, na ipo tabia. Asiyeyapima maneno haya huyachukulia kuwa ni ndugu wa tumbo moja, kumbe kila moja limekuja na mzigo wake. Tabia limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupiga chapa: ni kile kilichochapwa juu ya mtu hata kikawa kama umbile lake. Ada nalo limetoka katika mzizi wa kurejea: ni jambo lirudilo. Na katika Kiswahili ada ni malipo pia, kama ada ya shule au ada ya mganga. Kwa hiyo neno moja linasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba mazoea ni jambo lirejealo, na kwamba halirejei bure.

Maana hizi zafaa kukumbukwa linapojadiliwa swali linalowasumbua watu wengi siku hizi, wa visiwani na wa bara. Mtu apendaye filamu na televisheni afanyeje ili apate pia kujenga mazoea mema ya kila siku, kama vile kuamka mapema, kusoma, kuzungumza na wanawe na kuiwahi kazi yake? Swali ni la kila mahali, lakini huonekana waziwazi zaidi pale ambapo mwanga wa kioo umefika juzi, na watu wangali wanakumbuka usiku ulivyokuwa kabla yake. Mahali pamoja pa namna hiyo ni Madaba.

Madaba iko katika nyanda za juu za mkoa wa Ruvuma, kando ya barabara kuu itokayo Makambako na Njombe kwenda Songea. Ni nchi ya mahindi, na ni nchi ya baridi. Mtu wa pwani afikaye huko mwezi wa Juni au Julai hutafuta blanketi la pili. Kwa miaka mingi Songea yenyewe ilitegemea mitambo ya dizeli kupata umeme, na vijijini usiku ulikuwa ni wa koroboi, wa moto wa jikoni na, baadaye, wa sola. Mwaka 2018 ilikamilika njia ya umeme wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, ikiwa na vituo vya kupozea umeme Madaba na Songea. Nyumba iliyounganishwa na umeme huo ilipata mwanga. Pamoja na mwanga, ikapata usiku usio na mpaka.

Msomaji na amfikirie mkulima mmoja wa huko, mtu mzima, mpenzi wa filamu tangu ujana wake. Zamani alikwenda kutazama katika kibanda cha video kilichoendeshwa kwa jenereta. Petroli ilipokwisha, filamu nayo ilikwisha, hata kama muuaji hajakamatwa. Alirudi nyumbani, akalala, na alfajiri alikuwa shambani kabla ya jua. Majirani wakamsifu kwa uchapakazi wake. Leo ana televisheni na king'amuzi sebuleni. Tamthilia hufuatwa na tamthilia, na yeye hulala saa saba za usiku, akaamka jua limekwisha kupanda. Majirani wale wale wanasema ameharibika. Hapo ndipo linapozuka swali lenyewe: je, mtu huyu ameharibika, au alikuwa bado hajatengenezeka? Ule uchapakazi uliosifiwa ulikuwa ni tabia yake, au ulikuwa ni tabia ya jenereta?

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, alishikilia kwamba wema haupatikani kwa kujua tu, bali kwa kutenda mara kwa mara. Mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, kama vile mwashi anavyokuwa mwashi kwa kujenga. Lakini aliweka masharti: mwenye kutenda atende hali anajua, na atende kwa kuchagua. Kwa kipimo hicho, mkulima wa Madaba alikuwa na mwendo mwema, lakini hakuwa ameuchagua. Mwenye kukosa chakula hahesabiwi kuwa amefunga, kwani saumu yataka nia. Wala mwenye kukosa umeme hahesabiwi kuwa amejizuia. Mwendo wake ulikuwa ni mkopo alioupewa na uhaba, na uhaba ulipoondoka, ulimdai.

Wapo walioamini kwamba picha zenyewe zina uwezo wa kumchapa mtu tabia mpya, na imani hiyo ina historia ndefu katika nchi hii. Kati ya miaka ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, waliwekwa watu wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika namna ya kuishi. Zilitengenezwa filamu kama 35: namna ya kujikinga na safura, namna ya kuweka akiba katika benki ya posta, namna ya kuchagua mbegu. Zilipakiwa katika lori zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Wakoloni hao walimtazama mwanakijiji kama karatasi tupu inayongoja mhuri. Walisahau kwamba filamu, hata iwe nzuri namna gani, humwacha mtazamaji usiku ule ule ianzishwapo lori. Haiwezi kumshika mkono asubuhi inayofuata, wala ile ya baada yake, na mazoea hayajengwi ila katika asubuhi hizo.

Ruvuma yenyewe imetoa mfano bora wa jambo hili. Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Songea, alipokuwa mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliigiza katika filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, na sura yake ikajulikana mijini na mashambani. Lakini Kawawa hakutegemea kioo kumfanyia kazi. Aliingia katika vyama vya wafanyakazi, akawa katibu mkuu wa shirikisho lao lililoundwa mwaka 1955, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Filamu ilimwonesha kwa watu. Kilichomjenga, na kilichowajenga wenzake, ni mikutano iliyorudi wiki baada ya wiki, yenye ajenda, kumbukumbu na ada ya uanachama.

Pwani na visiwani nako sinema ilikuwa na utaratibu wake. Zanzibar, jumba la Majestic la Vuga lilijengwa upya mwaka 1955, na katika miaka hiyo kwenda sinema Jumapili ilikuwa ni sehemu ya wiki ya mjini, kama soko lilivyo sehemu ya asubuhi. Watu walinunua tiketi, walivaa nguo zao nzuri, wakaenda kwa miguu na jamaa na marafiki, wakamtazama Raj Kapoor katika Awara, wakarudi wakiimba na wakibishana. Wengi hawakujua Kihindi, na hadithi waliielewa kwa pamoja, huyu akimfasiria yule. Halafu taa ziliwashwa, na kila mtu akarudi kwake kungojea Jumapili nyingine. Hapa neno ada lilitimia kwa maana zake zote mbili: jambo lilirejea, na mlangoni lililipiwa. Na kwa kuwa lilikuwa na mlango, lilikuwa na ndani na nje.

Televisheni iliufuta mlango huo. Zanzibar iliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, ilhali Bara ilingoja hadi mwaka 1994, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kuwa ni anasa isiyolingana na hali ya nchi. Hata hivyo televisheni ya mwanzo ilikuwa na saa zake: ilifunguliwa, ikasoma taarifa ya habari, ikafungwa. Baadaye yamekuja machaneli yasiyolala, na baada yake simu ambayo sehemu ya pili ya tamthilia huanza yenyewe kabla mtazamaji hajafuta machozi ya sehemu ya kwanza. Filamu ya zamani ilikuwa na adabu ya kumwambia mgeni wake kuwa karamu imekwisha. Tamthilia haiagi. Huondoka mgeni kwa hiari yake, au haondoki.

Isidhaniwe kwamba hoja hii ni ya kuilaani tamthilia. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilionesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikisemeshwa Kiswahili, na watazamaji wa Tanzania walijiona ndani ya nyumba ya Beijing: mke kijana, mavyaa asiyeridhika, mume aliye katikati. Habari ya watu wa mbali iliwapa watu wa hapa lugha ya kuzungumzia ugomvi wa jikoni mwao. Huo ni wema, na mwenye kuukana anaukana pia wema wa hadithi zote, tangu za bibi kizee karibu na moto. Lawama haipo katika kutazama. Ipo katika kutazama kusikokuwa na mwisho uliochaguliwa na mtazamaji.

Wahenga waliliona jambo hili kwa pande zake mbili. Walisema haba na haba hujaza kibaba. Wakasema pia chovya chovya humaliza buyu la asali. Methali hizi mbili zinaeleza nguvu moja. Kidogo kinachorudiwa kinajaza, na kidogo kinachorudiwa kinamaliza; hakuna tofauti katika udogo wala katika marudio. Tofauti ni kwamba mwenye kibaba anajua anajaza nini, na mwenye kuchovya kidole hamtazami buyu. Kurasa tano kila usiku ni kitabu kizima kabla ya miezi miwili kwisha. Sehemu moja zaidi kila usiku ni alfajiri iliyopotea, na alfajiri kumi na mbili zilizopotea wakati wa palizi ni shamba la mahindi lililomezwa na magugu.

Basi mpenzi wa filamu atatoa wapi mwisho ambao jenereta na mlango wa sinema vilimpa bure? Jibu lipo Madaba kwenyewe, na halina uhusiano na filamu hata kidogo. Katika miaka ya 1960 kijiji cha Matetereka kilikuwa miongoni mwa vijiji vya Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, ambavyo watu wake walilima pamoja na kuamua katika mikutano yao wenyewe saa ya kazi, mgawo wa mavuno na masomo ya watoto. Mwezi Septemba mwaka 1969 TANU ilikivunja chama hicho. Mhimili wa nje uliondoka kwa siku moja. Mtu angetarajia kuwa mwendo wote utaanguka, na vijiji vingine vilianguka. Matetereka haikuanguka. Iliendelea na kazi zake za pamoja kwa miaka mingi, hata mtafiti mmoja, alipoandika juu yake mwaka 1998, aliiita kijiji cha mwisho cha ujamaa Tanzania.

Yapo mengi ya kusemwa juu ya siasa ya jambo lile, lakini kwa swali lililo mbele linatosha moja. Watu wa Matetereka waliamka na kwenda shambani kabla ya mwaka 1969, na baada yake waliamka na kwenda vile vile. Ila ni baada yake ndipo ilipojulikana kuwa mwendo ule ni wao. Mazoea huwa mali ya mtu siku ile ambayo kilichomlazimisha kimeondoka, naye akabaki. Kabla ya siku hiyo hakuna ajuaye, hata yeye mwenyewe. Na waliobaki hawakubaki mmoja mmoja. Walibaki kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kumngoja shambani.

Mkulima wa Madaba, kwa hiyo, hana haja ya kukata waya wa umeme ili arejee kuwa mwema. Akifanya hivyo atakuwa amerudisha uhaba, hajapata tabia. Lililo lake ni kujiwekea mlango: sehemu moja ya tamthilia, pamoja na mkewe na wanawe, kisha kioo kizimwe na yaliyotazamwa yazungumzwe, kama walivyofanya watu wa Vuga wakirudi makwao Jumapili. Asubuhi ajifunge miadi na jirani, maana ni vigumu kulala hali mtu anangojwa mpakani mwa shamba akiwa na jembe begani. Atashindwa siku ya kwanza na pengine ya tatu. Haidhuru, ada ni jambo lirudilo, na mwenye kurudi baada ya kushindwa ameishika maana ya neno kuliko asiyewahi kujaribiwa.

Na malipo yake ayajue tangu mwanzo. Kila usiku atalipa kwa kutokujua, mpaka kesho yake, kama yule binti wa tamthilia ameolewa au la. Ni ada ndogo, lakini inauma, na hapana mtu mwingine awezaye kumlipia.