Manowari Juu ya Uwanda

Mtu akijenga kwa mikono yake mfano wa chombo kilichotumika kuua, tena akaujenga kwa mapenzi, je, amekuwa na sehemu katika mauaji yale, hata kama ni ndogo? Swali hili sikulibuni ili kujaza kurasa. Nimeishi nalo mwaka wa nne sasa, kwa maana katika banda lililo nyuma ya nyumba yangu hapa Newala imo manowari ya Kijerumani yenye urefu wa mita 2 na sentimita 30.

Wapita njia hucheka kwanza. Uwanda wetu wa Makonde tangu zamani unajulikana kwa shida ya maji. Mama zetu waliteremka magenge alfajiri hadi bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani. Mwalimu mstaafu kuunda meli mahali ambapo maji yalihesabiwa kwa kata ni kichekesho cha haki, nami sikasiriki.

Meli yenyewe ni Königsberg. Ilishushwa majini huko Ujerumani mwaka 1905, ikiwa na urefu wa mita 115, dohani tatu, milingoti miwili na mizinga 10 ya sentimita 10.5. Tarehe 20 Septemba 1914 iliipiga na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliifuata huko, na tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa vibaya, nahodha wake Max Looff aliamuru izamishwe.

Nilichagua skeli ya moja kwa hamsini. Kila mita moja ya meli ile kwangu ni sentimita mbili. Mkuku ni wa mninga, ubavu ni bati la madebe ya mafuta ya kula, nguzo za ukingo wa sitaha ni spoku za baiskeli, na mitutu ya mizinga ni mabaki ya mpingo niliyopewa na mchonga vinyago mmoja wa Masasi. Mtutu mmoja una sentimita nane na ushei. Wa kwanza ulinichukua siku tatu kuusawazisha, na siku zile tatu zilikuwa tamu kuliko miezi mingi ya kazi yangu ya ukuu wa shule. Mzee hana budi kupata kitu cha kumfanya aamke.

Basi utamu huo ndio ulioleta swali. Dada yangu mkubwa, ambaye amekwisha kupita miaka 80, huja bandani lakini hagusi meli. Siku moja aliniambia, “Mdogo wangu, kitu hiki ndicho kilichomla babu.” Alikuwa akisema habari niliyoisikia tangu utoto. Bibi, mama wa mama yetu, alisimulia kwamba mumewe alichukuliwa wakati wa vita vya Wajerumani kwenda kuvuta mzinga wa meli, na hakurudi. Kaburi hana. Unga wake humwagwa chini ya mti kama wa wazee wengine, lakini hakuna ajuaye alilala wapi.

Nilimjibu kama watu waliosoma wanavyojibu. Kwanza nilisema kwamba mfano si kitu chenyewe. Wachongaji wetu walichonga vinyago vya mapiko vyenye sura ya Mzungu, na hakuna aliyewaita watumishi wa wakoloni. Lakini nilipokuwa nikisema hivyo, nilijua kwamba jibu lina tundu. Kinyago kile kilichongwa ili watu wacheke, na hukumu ya mchongaji imo ndani ya mti. Meli yangu haina hukumu yoyote. Ina vipimo tu, na kadiri vipimo vinavyokuwa sahihi ndivyo inavyozidi kupendeza.

Jibu la pili lilikuwa la historia. Katika mji wa Kure, nchini Japani, kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2005, na ndani yake mfano wa manowari Yamato kwa skeli ya moja kwa kumi, wenye urefu wa mita 26.3. Meli ile iliundwa Kure na ilizama Aprili 1945 pamoja na watu wapatao 3,000. Watu huenda kuitazama na kukumbuka. Kwa nini sisi tusifanye vivyo hivyo? Dada alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Hao wa Japani walikuwa ndani ya meli. Babu alikuwa ndani ya meli?”

Hapo nilinyamaza. Manowari yangu ni sahihi kwa siku ile iliposhushwa majini Ulaya. Maisha yake katika nchi yetu yalikuwa mengine. Baada ya kuzamishwa, mizinga yote 10 iliopolewa, ikatengenezwa Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu. Tangu hapo meli iliendelea kupigana nchi kavu, ikitembea kwa miguu ya watu. Looff naye alipanda huku kwetu. Novemba 1916 aliongoza kikosi kilichowafukuza Wareno kutoka Newala, na Novemba 1917 alitekwa na Waingereza, siku ambazo mkuu wake, Lettow-Vorbeck, alikuwa akielekea kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mzinga mmoja wa Königsberg unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria, kwenye majengo ya serikali. Mizinga ina makao.

Waliobeba je? Kwa upande wa Waingereza peke yao, hesabu rasmi ilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na uchovu. Upande wa Wajerumani hata hesabu ya namna hiyo haikutunzwa. Kumbukumbu inayotajwa kila siku ni jina la soko, Kariakoo, na wanunuzi wangapi hujua kwamba jina hilo latokana na kikosi cha wapagazi?

Mimi naweza kujua unene wa bati la sitaha ya 1905, kwa kuwa mtu alilipwa kuuandika. Siwezi kujua kimo cha babu yangu. Kwa hiyo nikisema mfano wangu ni “sahihi,” ninarudia usahihi wa wale walioamua kipi kipimwe na kipi kisipimwe. Dhambi, kama ipo, naiona hapo kuliko katika kupenda mpingo uliolainishwa.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, alinishauri niichome moto. Sikukubali. Kuichoma kungemfuta babu mara ya pili, maana watoto wa jirani waliokuja kuitazama meli ndio wa kwanza kuniuliza habari zake kwa miaka mingi.

Nilichofanya ni hiki. Nafasi ya mzinga wa kumi kwenye sitaha nimeiacha wazi. Mzinga wenyewe nimeuweka juu ya magurudumu, kwenye ubao mrefu uliopakwa udongo mwekundu, na mbele yake nachonga watu. Kwa skeli yangu mtu mzima ana sentimita tatu na kidogo, na uso wake hauzidi ukucha wa kidole cha mwisho. Yule mchongaji wa Masasi amenionyesha namna ya kuukata kwa ncha ya kisu ili kila mmoja awe na wake. Sura zao nazibuni, na jambo hilo linanisumbua mimi niliyekataa kubuni hata msumari wa meli. Dada anasema afadhali uso wa kubuni kuliko kutokuwa na uso. Sijui kama ana haki kabisa, ila sijapata la kumjibu.

Mpaka sasa nimemaliza watu 26. Kamba nimeisokota kwa nyuzi za katani. Dada huja Jumapili, huwahesabu kwa kidole, kisha husema kamba ni fupi mno, kwani bibi alisema ukisimama penye mzinga hukuwaona wale wa mbele.