Msafiri Mwenye Nyumba Mgongoni

Kobe hasumbui mtu kwa malazi. Huenda atakako, na jua likichwa huingia gambani mwake akalala. Watu wamemsifu kwa subira na hadhari, lakini sijasikia mtu aliyemwita kobe mgeni wake. Je, msafiri asiyehitaji kitu kwa mtu yeyote ni huru kuliko wenzake, au ni fukara wa jambo ambalo fedha hainunui?

Swali hili limeletwa na mtindo wa safari ulio wa zamani Marekani na mgeni kwetu. Baba hupata motokaa yenye vitanda, jiko na tangi la maji, akapakia mke na watoto, wakaenda kutazama maajabu. Huko wengi huelekea Yellowstone, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1872, ambako maji yachemkayo huruka kutoka ardhini. Jamaa atokaye Mandewa, Singida, akitaka kuona joto la chini ya ardhi, aweza kupita Katesh, Babati na Arusha, akavuka mpaka Namanga, hata Naivasha nchini Kenya, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate iliyotangazwa mwaka 1984. Huko mvuke hupanda kati ya majabali, na mitambo ya Olkaria, iliyoanza kutoa umeme mwaka 1981, huugeuza kuwa taa za miji.

Siutukani mtindo huu. Mzazi mwenye watoto wadogo hupata ndani yake usafi na utulivu, na kutomlemea mtu ni adabu njema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walakini wahenga hao hao walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na uponyaji huo huanza kwa kuhitajiana. Aombaye maji hana budi kubisha hodi. Abishaye hodi hana budi kusalimu. Asalimuye huulizwa atokako, naye huuliza habari za hapo.

Habari hizo kioo cha dirisha hakizisemi. Katesh, chini ya Mlima Hanang, hupitwa kwa dakika chache; lakini aliyesimama kununua mboga ndiye atakayesimuliwa jinsi matope yalivyoshuka mlimani Desemba 2023 yakazika watu. Olkaria huonyesha mabomba yang'aayo. Asiyeuliza hatajua kwamba mwaka 2014 jamaa za Wamasai zilihamishwa kuupisha upanuzi wa mitambo, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia. Mtoto aliyeonyeshwa mvuke bila watu hao amefundishwa nusu ya somo, tena nusu iliyo rahisi.

Liko na korongo la Hell's Gate. Mvua ikinyesha mbali, maji hulijaza ghafla. Mwaka 2012, na tena mwaka 2019, mafuriko ya namna hiyo yaliua watu waliokwenda kutembea. Na mwaka 2019 mwongozaji mwenyeji alikuwa miongoni mwa waliokufa. Yamkini mtu atasema kwamba, basi, hata mwenyeji si kinga. Ni kweli, ujuzi wa mtu una kikomo. Lakini hapo ndipo thamani ya mwenyeji ionekanapo: hakuonyesha njia kwa kidole akabaki kivulini, bali aliingia pale walipoingia wageni wake. Gamba la chuma, hata liwe imara namna gani, haliwezi kumpa mtu ahadi ya aina hiyo.

Kwa hiyo nyumba ya magurudumu na iwe ya kulala, isiwe ya kujificha. Asafiriye nayo na apunguze kwa makusudi kitu kimoja katika shehena yake, maji au mboga au kuni, apate sababu ya kubisha hodi. Upungufu huo si umaskini. Ndio nauli ya ugeni.