Ndege za Kuwarudisha Wageni

Msomaji, kuna ahadi ambazo gharama yake humwangukia mwenye kuahidi, na kuna ahadi nyingine ambazo gharama yake humwangukia mtu wa tatu, ambaye hakuwapo zilipotolewa. Nataka tuifikiri pamoja ahadi moja ya namna hii ya pili. Wengi wetu tuliisikia kwa masikio yetu wenyewe, na wengi wetu, tusifichane, tuliifurahia.

Mwezi wa Juni, mwaka 2022, uchaguzi mkuu wa Kenya ulipokuwa umekaribia, Bwana William Ruto alizungumza katika mkutano wa mambo ya uchumi mjini Nairobi. Wakati huo alikuwa Naibu wa Rais na mgombea wa urais. Alipofika kwenye habari ya wageni, alisema kwamba Wachina wanaochoma mahindi na kuuza simu za mkononi wangerudishwa kwao, na kwamba ndege za kuwachukua zilikuwapo za kutosha. Biashara za namna ile, alisema, ni za Wakenya.

Maneno haya yalienea upesi kama moto wa nyika. Huku Bondo, ambako karibu kila kura ilikuwa ya marehemu Raila Odinga, mwana wa mahali hapa, ungedhani maneno ya mshindani wake yangepuuzwa. Hayakupuuzwa. Niliyasikia yakirudiwa sokoni kwa kicheko cha kuridhika, tena na watu ambao hawakuwa na nia hata kidogo ya kumpigia kura aliyeyasema. Jambo hilo limenishughulisha tangu siku zile. Ahadi inayopendwa hata na wasiompenda aliyeitoa haina budi kuwa imegusa kitu kilicholala ndani yao.

Imegusa nini? Tumtazame mama achomaye mahindi kando ya barabara. Hununua gunia la makaa, na bei ya makaa haishuki. Huyafuata mahindi mashambani, huyabeba mpaka stendi, na huketi katika moshi tangu adhuhuri hata magari ya mwisho ya Usenge yanapoondoka. Faida yake ni sare ya mtoto na karo ya muhula. Mtaji wake wote waweza kuenea katika beseni moja. Mtu kama huyu akisikia kwamba yupo mgeni mwenye fedha nyingi ajaye kuketi karibu naye na kuuza kwa bei ya chini, ana haki ya kuogopa. Nisingependa mwanafunzi asome insha hii akadhani kuwa kila alalamikaye juu ya mgeni ni mchoyo au mjinga. Lalamiko lake ni la kweli, nalo lastahili kujibiwa.

Wala serikali haikosi haki ya kuchagua nani aingie nchini na kwa kazi gani. Kenya ina Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Kwa taratibu zake, mgeni atakaye kuanzisha biashara yake mwenyewe hana budi kupata kibali, na kuonyesha kwamba ana mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani. Mtu mwenye fedha kama hizo hana haja ya kuchoma mahindi. Na mgeni achomaye mahindi pasipo kibali amekwisha kuvunja sheria iliyopo. Basi kama mgombea angalisema tu kwamba vibali vitakaguliwa, asingekuwa na makosa. Lakini pia asingepigiwa makofi, kwa maana kukagua vibali ni kazi ya kila siku ya Idara ya Uhamiaji. Makofi yalikuwa ya ndege.

Hapa pana tofauti ambayo naomba uishike sana. Sheria humwendea mtu mmoja mmoja na kumwuliza: U nani? Una kibali gani? Umetenda nini? Yeye hujibu, na akionewa aweza kwenda mahakamani. Ahadi ile haikumwuliza mtu neno lo lote. Ilitaja taifa, ikataja kazi, ikataja ndege. Aliye na kibali na asiye nacho walitiwa katika gunia moja.

Tena ni ahadi rahisi mno kutolewa. Aahidiye barabara hana budi kutafuta fedha za barabara, na mwakani utamwuliza iko wapi. Aahidiye maji hana budi kulaza mabomba, na mfereji ukikauka kila mtu ataona. Bali aahidiye kumwondoa mgeni hatoi cho chote mfukoni mwake. Atakayelipa ni mgeni, naye hana kura. Pengine hana hata lugha ya kujibu. Na kama haondolewi, hakuna apotezaye alichokuwa nacho, hivyo hakuna audaiye ule utimizo. Rais mpya aliapishwa tarehe 13 Septemba 2022, nasi hatukuona msafara wa ndege. Mwishoni mwa Februari 2023 wafanyabiashara wa Nairobi waliandamana kwa sababu ya duka kubwa la Mchina lililofunguliwa kando ya barabara ya Thika, ambalo wanunuzi walilijia kwa wingi kwa ajili ya bei zake. Katika serikali ile ile, mmoja alisema dhidi ya duka hilo na mwingine akawatuliza wageni wenye mitaji wasiwe na hofu. Sitakawia hapo.

Nataka nikawie karibu zaidi na nyumbani. Katika Yimbo, upande wa magharibi wa Bondo, kuna kilima kiitwacho Got Ramogi. Mapokeo ya Wajaluo husema kwamba huko ndiko alikotua Ramogi Ajwang' na watu wake, wakitoka pande za kaskazini. Tulikuja tukiwa wageni. Wala kuhama hakukuishia kilimani. Kwa vizazi vingi baadaye watu walihama kutoka pwani hii ya ziwa kwenda nyingine, na lugha yetu ikafanya neno la kumwita mtu akaaye katika ardhi isiyo ya ukoo wake: jadak, na wakiwa wengi, jodak. Jadak alipewa mahali pa kujenga na pa kulima, naye aliwaheshimu wenye ardhi. Hakuihesabu ardhi ile kuwa mali ya ukoo wake, na siku ya ugomvi neno jadak lilitupwa usoni pake kama tusi. Utaratibu huo haukuwa wa malaika. Hata hivyo ulikuwa utaratibu: mgeni alijua la kutenda na la kutotenda, na mwenyeji alijua alichokubali.

Kisha ikaja reli, na miji, na kazi za mshahara, na Wajaluo wakavuka kwenda Uganda. Walifanya kazi Kampala na Jinja, relini na katika mashamba ya miwa. Mnamo mwaka 1970 serikali ya Rais Milton Obote iliamua kwamba kazi za chini zisizohitaji ujuzi ziwe za wenyeji wa Uganda. Wakenya waliokadiriwa kuwa 30,000 walilazimika kuondoka, na wengi wao walikuwa Wajaluo. Tafadhali uyatazame maneno yenyewe: kazi ndogo ndogo, ziwe za wenyeji. Hayakupishana sana na yale ya mwaka 2022. Mwaka 1970 sisi ndio tuliokuwa wachoma mahindi.

Ukitaka kujua maana ya amri kama ile, usiitafute katika hotuba. Watafute wazee wa Sakwa, Yimbo na Alego ambao baba zao walirudi wakati ule. Mtu aliyekaa Uganda miaka ishirini hakurudi nyumbani. Alirudi mahali ambapo ndugu zake walikuwa wamezoea kuishi bila yeye. Watoto wake walisema Kiganda kuliko Kijaluo. Sina shaka kwamba mjini Kampala wapo waliofurahi siku ile, nao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wasio na kazi walioambiwa kwamba kazi yao imo mikononi mwa Mjaluo. Haikupita miaka miwili, mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka na viwanda vikagawanywa, na baada ya muda si mrefu hata sukari na sabuni vikawa adimu katika nchi iliyokuwa ikizitengeneza yenyewe.

Huenda msomaji akaniambia: Mwalimu, unalinganisha visivyolingana. Mjaluo wa 1970 alikuwa jirani maskini, bali Mchina wa leo ana taifa lenye nguvu nyuma yake, taifa lililotujengea reli kwa mkopo tunaoulipa. Hoja hii si ndogo. Nakubali kabisa kwamba mapatano ya China na Kenya hayakufanywa kati ya watu walio sawa. Lakini mikopo ile haikutiwa sahihi na mchoma mahindi, na kumpandisha yeye ndege hakupunguzi hata shilingi moja ya deni. Kumwadhibu aliye karibu kwa sababu ya aliye mbali ni kosa, na halipungui kwa kuwa aliye mbali ni mkubwa.

Nenda Usenge, au Wichlum, au Uhanya, uone. Kwa miaka mingi wauza samaki wetu wamelalamika juu ya samaki wa barafu kutoka China, ambao huuzwa mpaka Kisumu kwa bei isiyofikiwa na ngege wa ziwani. Lalamiko hili pia ni la kweli. Lakini samaki hao hawakuja na miguu. Waliletwa katika makontena, kwa leseni, na mara nyingi mwenye leseni ni Mkenya. Nao waliipata nafasi yao kwa kuwa ziwa letu limekwisha kupungukiwa: nyavu za macho madogo, uvuvi uliopita kiasi, uchafu wa miji, na magugu-maji yanayofunga njia za mitumbwi. Katika mambo hayo manne, Mchina achomaye mahindi ana lipi?

Bondo imewahi kujaribu jibu la namna nyingine. Katika miaka ya 1940, biashara ya maduka Kisumu na kandokando yake ilikuwa zaidi mikononi mwa Wahindi. Jaramogi Oginga Odinga, mzaliwa wa Sakwa, aliyekuwa mwalimu Maseno, alianzisha kampuni iliyoitwa Luo Thrift and Trading Corporation. Aliwaendea watu wake awauzie hisa, hata wale waliokuwa ugenini katika miji mingine ya Afrika ya Mashariki. Kampuni ile ilipata taabu nyingi za fedha, wala siwezi kukuambia kwamba iliyatimiza yote yaliyotumainiwa. Lakini angalia ilimtaka mtu nini. Ilimtaka atoe shilingi zake mwenyewe. Tena sehemu ya shilingi hizo ilitoka kwa Wajaluo waliokuwa wageni katika nchi za wengine.

Sasa nirudi kwa Rais, kwa kuwa habari yake ina upande wa pili. Tarehe 12 Desemba 2023, Siku ya Jamhuri, Bwana Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 mgeni wa nchi yo yote duniani hatahitaji viza ya kuingia Kenya. Badala yake angeomba ruhusa kwa njia ya mtandao na kulipa dola zipatazo 30. Wasafiri wa nchi kadhaa waliokuwa wakiingia bure walishangaa kuona kwamba mlango uliosemwa kuwa wazi umewekewa ada, na mwaka 2025 masharti yalilegezwa kwa nchi nyingi za Afrika.

Watu wengi walisema Rais amejigeuza: jana ndege za kuwaondoa, leo karibu nyote. Mimi naona hakujigeuza. Mgeni wa ahadi ya kwanza ni yule aketiye nasi kando ya barabara, na mgeni wa ahadi ya pili ni yule ajaye na fedha, akalala hotelini na kwenda zake. Nasi wasikilizaji tulizipokea ahadi zote mbili bila kuuliza kwa nini neno moja, mgeni, lina nyuso mbili, na kwa nini uso unaofukuzwa ni ule wa maskini.

Mwezi wa Julai 2025 ilikuwa zamu yetu kulia. Serikali ya Tanzania ilitoa amri iliyowakataza wasio raia kufanya biashara za namna 15, miongoni mwake uwakala wa fedha za simu, utengenezaji wa simu, saluni na kuongoza watalii. Wakenya tuliikasirikia. Tulisema kwamba amri hiyo yapingana na mapatano ya soko la pamoja la Afrika ya Mashariki, yaliyoanza kutumika mwaka 2010, na kwa maoni yangu tulisema kweli. Lakini nilimsikia mtu mmoja akiieleza hasira yake kwa ufasaha mkubwa katika matatu ya Kisumu, nami nikamkumbuka vema: ndiye yule yule aliyecheka sokoni mwaka 2022 kwa habari ya ndege. Sikumwambia neno. Nilitazama dirishani, na nakiri kwamba nilinyamaza kwa sababu siku ile ya soko mimi pia nilikuwa nimecheka.

Mama wa stendi yu palepale hata leo. Katika muda huu wote hakuna Mchina aliyekuja Bondo kuchoma mahindi. Aliyempandishia gharama ni mwenye makaa, na mvua, na ushuru wa kila siku. Agosti 2027 wagombea watakuja tena, na watasimama karibu na jiko lake kwa kuwa hapo ndipo watu hukusanyika. Nimemwuliza atawaambia nini. Alipindua hindi moja juu ya waya, akasema kwamba kwanza atawauliza habari ya ushuru.