Nani anasimama mlangoni?

Somo: Yeremia 7:1-11



Mjini Kigali liko kanisa la zamani la matofali mekundu, Sainte-Famille, yaani Familia Takatifu. Mapadre Weupe walianzisha misheni hiyo mwaka 1913, mji wenyewe ukiwa bado mdogo. Jirani yake kipo kituo cha Saint-Paul. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu walikimbilia sehemu hizo mbili. Kwa nini kanisani? Kwa sababu katika machafuko ya 1959 na miaka iliyofuata, wengi waliofika kanisani walipona. Wazee walikumbuka, wakawaambia watoto wao. Wauaji nao walikumbuka.

Yeremia alisimama mlangoni pa hekalu akawakemea waliodhani jengo litawaokoa, huku mikono yao ikimwaga damu isiyo na hatia. Pale Sainte-Famille wauaji waliingia na orodha za majina. Mwezi Juni waliwatoa vijana kwa makumi wakawaua. Na wengi wa wauaji hao walikuwa wamebatizwa, ndugu zangu. Tunaliandika kwa uchungu, maana sisi pia ni watu wa kanisa. Kila mwaka waliouawa wanakumbukwa pale.

Saint-Paul alikuwepo Padre Célestin Hakizimana. Hakuwa na bunduki. Aliwabembeleza wanamgambo, akawapa fedha, akatafuta chakula na maji. Baadhi ya watu walichukuliwa wakauawa hata hivyo, lakini zaidi ya elfu moja walipona. Mwaka 2014 aliteuliwa kuwa Askofu wa Gikongoro. Kilima ni kilekile, misa ni ileile.

Sasa tuje kwetu. Kanisa letu ni miti na turubai, mlango wa kufunga halina. Lakini tusifichane: mgeni akifika kambini, wapo kati yetu wanaomuuliza kabila lake kabla ya kumpa maji. Sisi wachungaji tumelisikia hilo, tukanyamaza. Tunatubu mbele za Mungu na mbele yenu.

Jumapili ijayo baada ya ibada tutaandika, katika daftari moja, majina ya ndugu zetu tuliowapoteza vitani. Litakaa mezani pale mbele. Mzee wa kanisa atakayeandika ataandika jina tu, kabila hataliuliza. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake, amsomee alichoandikiwa.