Kaa, Ngoja, Kula

Siku hizi ukiingia kwa nyumba ya msee wa Nairobi anayefuga mbwa, kuna onyesho utaonyeshwa kabla hujakaribishwa chai. Bakuli linajazwa. Mbwa anaambiwa akae, anakaa. Bakuli linawekwa chini hatua mbili kutoka puani mwake, na haligusi. Anamtazama mwenyewe machoni, mate yanamdondoka, mkia unafagia sakafu, lakini hasongi. Sekunde 10, 20, mwingine hata dakika nzima. Kisha neno moja linatamkwa na bakuli linakuwa tupu kabla hujamaliza kushangaa. Neno lenyewe huwa la Kizungu, maana mbwa wa mjini huongeleshwa Kizungu hata na mtu ambaye nyumbani kwao ni Kikamba tupu. Wageni wanacheka, simu zinatolewa, video inapandishwa.

Katika kila onyesho la aina hiyo nililowahi kuona, kuna mtu pale sebuleni ambaye hacheki. Mara nyingi ni shangazi au mjomba aliyekuja kutoka ushago. Swali lake ni lile lile: sasa mnamfanyia hivyo kwa nini, si mumpe tu ale?

Vijana humjibu kwa haraka kwamba ni treni, ni nidhamu, shangazi huwezi elewa. Mimi naona swali la shangazi ni zito kuliko linavyosikika. Tuna methali isemayo mkono mtupu haulambwi. Huwa tunawarushia watu: wapiga kura, karani wa ofisi fulani, mpenzi aliyeyeyuka mwezi ulipokwenda vibaya. Lakini picha iliyo ndani yake ni ya mnyama. Mkono wenye kitu unalambwa, mkono usio na kitu unanuswa halafu mnyama anaenda zake. Shangazi anataka kujua kama huu utii tunaourekodi una chochote zaidi ya kulamba mkono. Kama hauna, tunajivunia nini? Na kama mwenye bakuli ni sisi na mwenye njaa ni yeye, je, si ubabe tu tuliouvisha nguo nzuri?

Tuanze na jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, maana wengi huona mwisho wake tu. Unashika bakuli juu, karibu na kifua. Unamwambia mbwa akae. Akikaa, unaanza kulishusha polepole. Akiinuka, bakuli linarudi juu, bila kelele, bila tusi, bila kofi. Akikaa tena, linashuka tena. Siku ya kwanza litapanda na kushuka kama lifti, na mgongo utakuuma. Ila mbwa si mjinga. Anagundua kwamba akirukia, chakula kinaenda mbali, na akitulia, kinakuja. Bakuli likishafika chini kwa amani, ndipo unaongeza kungoja: sekunde mbili, tano, kumi. Mwishowe unangoja akuangalie wewe badala ya bakuli kabla hujampa ruhusa.

Hilo la macho ndilo lenye kazi mjini. Mbwa anayeweza kuliacha jambo analolitaka sana na kukugeukia wewe kwanza ni mbwa asiyekurupuka barabarani kufuata paka, asiyemwangusha mtoto wa jirani kwa sababu ya smokie iliyo mkononi mwake. Ploti zetu zina ngazi moja, geti moja na watoto arobaini. Mbwa asiyejua kungoja huku huishia kufungwa kwenye kibanda kuanzia asubuhi hadi usiku, na wengi wamefungwa hivyo. Kwa hivyo ukimuuliza mbwa mwenyewe, kama angeweza kusema, dakika moja ya kungoja asubuhi na jioni ndiyo inayomnunulia siku nzima ya kutembea.

Wakufunzi wazuri wana masharti. Chakula ni kile kile cha siku, hakipunguzwi ili mbwa awe na hamu zaidi. Mbwa mkubwa anakula mara mbili kwa siku, mtoto wa mbwa mara tatu au nne, na saa hazibadiliki. Hakuna anayelala njaa kwa kufeli somo: akishindwa kungoja sekunde 10 unarudi kwenye 3, anafaulu, anakula. Na akishaanza kula, aachwe ale. Ile tabia ya kuingiza mkono ndani ya sufuria ya mbwa, au kumpokonya katikati ya kula ili ajue nani mkubwa, inaweza kabisa kuzaa mbwa anayenguruma ukimkaribia. Amefundishwa kwamba mtu akija, chakula kinapotea. Anayejua kazi yake hupita karibu na kudondosha kipande cha nyama ndani, kisha anaenda zake.

Hili neno la "nani mkubwa" lina historia yake. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu waliofugwa pamoja kwenye bustani ya wanyama, jinsi walivyopigania vyeo. Kitabu cha Mmarekani David Mech cha 1970 kikaisambaza picha hiyo, na wafugaji wakaamua kwamba mwenye mbwa lazima awe jenerali. Ndipo ukaja ushauri kwamba wewe ule kwanza, mbele yake, ndipo yeye. Mwaka 1999 Mech huyo huyo, baada ya miaka ya kuwafuatilia mbwa mwitu porini, alieleza kwamba kundi la kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Anayeongoza anaongoza kwa sababu ni mzazi. Lakini habari hii imechelewa kufika mitaani kwetu. Bado utamkuta jamaa mzima anatafuna biskuti polepole mbele ya mbwa wake, amekaza macho, anashinda vita ambavyo mwenzake hajui kwamba vipo.

Na upande wa sayansi si msafi pia. Ukitaja mbwa na chakula, mtu atataja Ivan Pavlov na kengele yake. Nishani ya Nobel ya 1904, kusema kweli, alipewa kwa utafiti wa jinsi chakula kinavyosagwa tumboni. Katika maabara yake kule Petersburg, mbwa walipasuliwa koo ili walichokimeza kitokee shingoni kabla ya kufika tumboni. Mbwa alikula na kula, asishibe, na tumbo likamwaga maji yake yaliyokingwa kwenye chombo. Maji hayo maabara iliyauza kama dawa kwa watu wenye matatizo ya tumbo. Baadaye B. F. Skinner, Mmarekani, aliwafundisha njiwa kudonoa vitufe, na ilikuwa kawaida kuwanyima chakula hadi wabaki na kama asilimia 80 ya uzito wao. Elimu ya kufundisha kwa chakula ilizaliwa hapo, na injini yake ilikuwa njaa. Shangazi hajui majina haya, lakini harufu yake ameinusa.

Sasa sikiliza mjadala mwingine, wa zamani zaidi ya huo. Katika Surat al-Maida, aya ya 4, Waislamu wameruhusiwa kula kile wanachokamatiwa na wanyama wa kuwinda waliofundishwa. Wanazuoni wakajiuliza: aliyefundishwa ni yupi? Wengi wakajibu kwamba ni yule anayekwenda akitumwa, anayesimama akizuiwa, na ambaye hali alichokikamata. Iko hadithi ya Adi bin Hatim, kwamba Mtume alimwambia mbwa akiila ile nyama, wewe usile, kwa maana huenda amejikamatia mwenyewe. Mimi hurudi kwenye jambo hili mara nyingi. Swala ni yule yule, meno ni yale yale. Kinachotofautisha windo halali na windo la mbwa mwenyewe ni kile kitambo ambapo mdomo ulikuwa na nyama na haukumeza. Wale wanazuoni hawakuona aibu kupima elimu ya mbwa kwa chakula. Ila waliipima kama kazi ya watu wawili, mmoja ametuma na mwingine ametumwa.

Kwa hivyo jibu langu kwa shangazi, kama angenipa muda, ni kwamba kungoja kuna aina mbili na kwa nje zinafanana kabisa. Kuna anayengoja akijua. Chakula kiko hapa, ni changu, kilikuja jana na juzi, kitakuja sasa hivi nikitulia. Na kuna anayengoja bila kujua, ambaye tumbo lake limeshikwa na mtu mwingine na mtu huyo anaweza kubadilisha nia. Wa kwanza anajifunza kujitawala. Wa pili anajifunza kusoma uso wa mkubwa. Tazama mbwa wenyewe: yule wa kwanza masikio yamesimama na mkia unacheza, yule wa pili amelala chini, analamba midomo, anageuza macho pembeni. Sekunde 30 zile zile.

Toka kwa mbwa kidogo. Kuna kompaundi ninayoijua vizuri ambapo mbwa anakula saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na saa hizo hazijawahi kukosewa. Hapo getini kuna soja wa masaa kumi na mawili. Mshahara wake ni mwisho wa mwezi, ambao unaweza kuwa tarehe 2, tarehe 9, au siku bosi atakapokumbuka. Akiuliza anaambiwa avumilie. Akiuliza tena anaambiwa vijana wa siku hizi hawana heshima. Ni yeye anayempelekea mbwa bakuli, kwa saa, kwa sababu mwenye nyumba amesoma kwamba ratiba ikiyumba mbwa atachanganyikiwa.

Najua wengi mnaosoma hapa mko kwenye foleni hiyo. Intani wa mwezi wa saba anayeambiwa "tutakuangalia". Freelansa ambaye invoisi yake "iko kwa finance". Huyo hafundishwi subira hata kama atasifiwa kwa subira yake. Kila siku 30 zikipita bila neno la ruhusa, anafundishwa kuangalia uso wa bosi asubuhi kabla ya kusema habari yako. Na miaka mitano ikiisha, mtu anashuka kwenye gari na pakiti za unga wa kilo mbili, anashangaa kwa nini watu wanapiga makofi kabla hajafungua mdomo.

Skinner aligundua jambo lingine linalonitia wasiwasi zaidi. Tuzo likija kila mara, mnyama akikosa mara chache huacha haraka. Likija kwa bahati, leo ndiyo, kesho hapana, keshokutwa ndiyo mbili, hudonoa hadi mdomo uchoke. Wakufunzi wa mbwa hutumia siri hiyo pia, kwa vipande vidogo vya nyama, tabia ikishakomaa. Kama una ile ndege ya kubeti kwenye simu yako, wewe umeshakaa kwenye kiti cha njiwa. Nawasifu wakufunzi kwa jambo moja: nyamanyama za bahati nasibu wanaweza kuzitumia, lakini bakuli la kila siku hawalichezei kamari. Huo mpaka kati ya kinachoweza kuwa cha bahati na kisichoweza, naona ndio moyo wa suala hili, na sioni waajiri wengi wakiuheshimu.

Immanuel Kant alisema kwamba mwenye kumpiga risasi mbwa aliyemtumikia hadi uzee hamkosei mbwa, bali anauharibu utu ulio ndani yake mwenyewe. Sehemu ya kwanza siikubali. Mbwa anakosewa, tena sana. Lakini sehemu ya pili inafaa hapa. Anayeshika bakuli naye anafundishwa. Mara mbili kwa siku, mwaka mzima, anazoea jinsi inavyokuwa kushikilia chakula cha mwingine. Anaweza kuzoea kutimiza ahadi kwa saa, au anaweza kuzoea ule utamu mdogo wa kutazamwa na macho yanayoomba, na kuongeza sekunde tano kwa sababu wageni wapo.

Shangazi bado ana pingamizi moja ambalo siwezi kulimaliza: mbwa hakuulizwa. Hawezi kukataa mkataba. Nusu ya jibu iko kwenye jaribio la mwaka 1963, ambapo Glen Jensen aliwawekea panya chakula cha bure kwenye sahani, na papo hapo akawapa kifaa cha kubonyeza ili wapate chakula kile kile. Panya walibonyeza. Walikula cha bure pia, lakini walirudi kubonyeza. Wanyama wengine wengi wameonyesha tabia hiyo baadaye. (Paka wa nyumbani amejaribiwa, na kwa sehemu kubwa amekataa. Hakuna aliyeshangaa.) Inaelekea kuna kitu katika kufanya kazi ndogo ukaona matokeo yake ambacho chakula cha bure hakikupi. Hiyo ni nusu ya jibu tu, kwa sababu panya wale walikuwa na sahani pembeni.

Mbwa ninayemfikiria zaidi katika habari hii hana mwenyewe. Ni koko wa rangi ya vumbi anayeshinda karibu na bucha moja mtaani kwetu. Hakuna aliyemfundisha kukaa, lakini anakaa, ng'ambo ya mtaro, pale ambapo maji ya mwenye bucha hayamfikii na jicho la mwenye bucha linamfikia. Anatazama kisu, hatazami nyama. Jioni mifupa hurushwa, au hairushwi. Wapita njia humsifu kwamba ana adabu kuliko mbwa wa magetini. Jumapili bucha likifungwa haonekani. Wanasema huvuka reli kwenda kwa vibanda vya samaki, na huko nako ana mahali pake pa kukaa.